Daktari, Mbuzi na Mifupa ya Malta

Malta haina mto. Mvua ya majira ya baridi ndiyo iliyokuwa maji ya mwaka mzima, na kwa karne nyingi aliyejenga nyumba kisiwani humo alianza kwa kuchimba birika ndani ya mwamba. Mwaka 1902 mafundi walikuwa kwenye kazi hiyo hiyo huko Paola, mji ulio nyuma ya Bandari Kuu, pale sululu zilipotoboa mwamba zikakuta uwazi. Chini palikuwa na chumba kilichochongwa na binadamu. Nyuma yake palikuwa na kingine, na kingine tena, vimejaa udongo na mifupa ya watu.

Mafundi wakanyamaza. Sababu yao si ngumu kuielewa: ukitangaza kwamba umefukua makaburi, kazi husimama, na kazi ikisimama hakuna malipo. Vyumba vile vikageuzwa jaa la vifusi. Serikali ilipokuja kupata habari, nyumba zilikuwa zimekwisha simama juu yake, na sehemu ya makaburi ilikuwa imeharibiwa kupisha mabirika.

Leo mahali hapo panaitwa Hypogeum ya Ħal Saflieni, makaburi ya ghorofa tatu yanayoteremka zaidi ya mita 10 chini ya barabara. Watu wa kale waliyachonga na kuyapanua kidogo kidogo tangu karibu mwaka 4000 KK hadi karibu 2500 KK, bila chuma, bila shaba, kwa pembe za wanyama na zana za mawe. Chumba kimoja cha ghorofa ya kati kimechongwa kuiga hekalu la juu ya ardhi: miimo, vizingiti, na dari inayobana safu kwa safu kadiri inavyopanda. Hakuna jiwe hata moja lililopangwa hapo. Yote ni mwamba mmoja uliokwanguliwa. Na kwa kuwa paa za mahekalu yote ya juu zimekwisha anguka, fundi huyo aliyefanya kazi gizani ndiye shahidi wetu bora wa jinsi paa hizo zilivyokuwa. Chumba cha pili dari yake imepakwa udongo mwekundu kwa michoro inayojizungusha. Kuna kishubaka ambacho sauti nene ya mwanamume ikitolewa humo huvuma vyumba vyote, na waongoza wageni hawachoki kulieleza hilo. Wapo waliojenga juu ya mwangwi huo nadharia nzima za makuhani na ndoto takatifu. Mimi ningependa kwanza nielezwe habari za mifupa.

Maana mifupa ndiyo iliyopotea. Temi Zammit, daktari aliyekuja kumalizia uchimbaji, alikadiria kwamba humo walizikwa watu kama 7,000. Ukiuliza leo wako wapi, utaonyeshwa mafuvu machache. Wengine walitolewa pamoja na udongo bila kuhesabiwa, bila kuandikwa nani alilala wapi wala na nini. Kisa cha jinsi walivyopotea, na cha mahali pengine ambapo wenzao hawakupotea, ndicho kinachonivuta zaidi katika akiolojia ya visiwa hivi.

Visiwa vyenyewe ni vidogo. Malta ina kilomita za mraba 246, na Gozo, ndugu yake wa kaskazini, 67. Sicily iko kilomita zipatazo 90 baharini. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba wakulima kutoka Sicily ndio binadamu wa kwanza kukanyaga huko, wakija na ngano, shayiri, kondoo, mbuzi na ng'ombe katika milenia ya sita KK. Mwaka 2025 kauli hiyo ilibidi irekebishwe. Timu iliyoongozwa na Eleanor Scerri ilitangaza katika jarida la Nature kwamba pango la Latnija, kaskazini mwa Malta, lina majivu, zana za mawe na mabaki ya paa waliopikwa na wawindaji miaka 8,500 iliyopita, yaani miaka kama 1,000 kabla ya jembe la kwanza. Watu hao hawakuwa na tanga. Walivuka kwa mitumbwi myepesi, wakipiga makasia bahari ya wazi, na sehemu ya safari lazima waliipita usiku.

Wakulima waliofuata ndio waliojenga. Kuanzia karibu mwaka 3600 KK walianza kuinua mahekalu ya mawe makubwa, na hawakuacha kwa zaidi ya miaka 1,000. Ġgantija, kwenye uwanda wa Xagħra kisiwani Gozo, ni la zamani kuliko piramidi kuu ya Giza kwa miaka kama 1,000 hivi. Vitabu vya watalii bado hupenda kuliita jengo la mawe la kale kuliko yote duniani; sifa hiyo ilikwisha tangu wachimbaji walipofukua Göbekli Tepe huko Uturuki, palipo na umri zaidi yake kwa miaka 5,000 na ushei. Ġgantija haihitaji sifa za kuazima. Baadhi ya mawe yake yanazidi mita 5 kwa urefu na tani 50 kwa uzito, na ukuta wa nyuma bado umesimama mita 6.

Wanakijiji wa Gozo walikuwa na maelezo yao. Aliyejenga, walisema, ni jitu la kike liitwalo Sansuna, aliyekuwa akila maharage tu, akabeba mawe yale huku mtoto wake kamshikilia begani. Masimulizi ya namna hiyo yalikusanywa na padri Mjesuiti, Emmanuel Magri, aliyetembea vijijini akiwasikiliza wazee na kuandika ngano zao kwa Kimalta wakati ambapo wasomi wa Valletta waliona lugha halali ya kalamu ni Kitaliano. Alikuwa mtu wa masikio. Na ndiye huyo aliyekabidhiwa Hypogeum.

Magri alianza kuondoa udongo Ħal Saflieni mwaka 1903. Alifanya kazi miaka kadhaa, akasafisha sehemu kubwa ya vyumba, na kwa kila dalili alikuwa akiandika. Lakini Mjesuiti hutumwa anakotumwa. Mwaka 1907 aliitwa Sfax, Tunisia, kuhudumia Wamalta waliohamia huko, na akafia huko huko mwaka huo. Madaftari yake hayajaonekana hadi leo. Vyumba vilikuwa vitupu, mifupa imetolewa, na maelezo ya jinsi ilivyokuwa imelala yalikuwa yamekwenda na marehemu. Zammit alipopokea kazi alikuta jengo, na mabaki kwenye pembe ambazo hazijaguswa. Hesabu ya watu 7,000 ilitoka kwenye pembe hizo: alipima mifupa iliyokuwamo katika eneo dogo, akapiga hesabu ya vyumba vyote. Kati ya vitu vilivyookolewa kuna sanamu ya udongo yenye urefu wa sentimita 12 hivi, mwanamke mnene amelala ubavu juu ya kitanda, mkono chini ya kichwa, sketi imekunjamana hadi kwenye miguu. Iko katika jumba la makumbusho Valletta, peke yake ndani ya chumba chenye mwanga hafifu.

Zammit huyu hakusomea akiolojia. Alizaliwa Valletta mwaka 1864, akawa daktari, na kazi yake ya mkate wa kila siku ilikuwa maabara ya serikali. Enzi hizo Malta ilikuwa na homa iliyoisumbua kambi ya jeshi na wanamaji wa Kiingereza: homa ya kupanda na kushuka, maumivu ya viungo, jasho la usiku, wiki kwa wiki, mgonjwa haponi wala hafi. David Bruce, daktari wa jeshi, alikuwa amekwisha kukuta kijidudu chake mwaka 1887 ndani ya bandama za askari waliofariki. Kilichokosekana ni njia. Askari walikipata wapi? Wengine walilaumu maji machafu, wengine vumbi, wengine mbu.

Mwaka 1904 iliundwa tume chini ya Bruce kuitafuta njia hiyo, na Zammit akawa mmoja wa wajumbe wake. Mbuzi walikuwa kila mahali Malta. Wauza maziwa waliwaswaga hadi katikati ya Valletta, wakawakamua mlangoni pa mteja, maziwa yakaingia moto moto kwenye jagi la nyumba. Mnyama mwenye afya, aliyenenepa, anayetoa maziwa mbele ya macho yako: nani angemshuku? Juni 1905 Zammit alipima damu ya mbuzi na kukuta wanacho kijidudu kile bila kuonyesha ugonjwa wowote. Jeshi lilipopiga marufuku maziwa ya mbuzi kwa askari mwaka 1906, homa kambini ikaporomoka. Raia wa Malta waliendelea kunywa na kuugua kwa miaka mingi zaidi, kwa kuwa marufuku ya kambini haikuwahusu na wachungaji hawakuwa tayari kuchinja riziki yao.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaujua ugonjwa huu hata kama hajui jina lake la Malta. Ndio ule wafugaji wanaouita ugonjwa wa kutupa mimba, unaowapata wanaokunywa maziwa mabichi, na ambao kwenye zahanati zetu mara nyingi hudhaniwa malaria. Bruce naye si mgeni kwetu: ndiye aliyefika Entebbe mwaka 1903 na kuonyesha kwamba mbung'o ndiye anayesambaza malale. Kijidudu cha homa ya Malta kikaja kuitwa Brucella, kwa jina lake. Zammit, aliyempata mbuzi, alipewa nishani na baadaye cheo cha Sir mwaka 1930, na jina lake likabaki kwenye vitabu vya wataalamu.

Nimekaa na habari ya mbuzi kwa makusudi. Mwaka 1904, wakati tume ikianza kazi, Zammit aliteuliwa pia kuwa mhifadhi wa makumbusho ya Valletta. Akaleta kwenye mahekalu tabia ya maabara: chukua sampuli, andika, usiamini jicho peke yake. Nafasi ya kuitumia tabia hiyo tangu mwanzo hadi mwisho ilikuja mwaka 1913, mkulima wa Tarxien alipolalamika kwamba jembe lake la kukokotwa na wanyama linagonga mawe makubwa kila akilima shamba fulani. Shamba lilikuwa mwendo mfupi tu kutoka Hypogeum.

Zammit alianza kuchimba Julai 1915, vita ikiendelea Ulaya na Malta ikiwa imejaa majeruhi wa Gallipoli. Alimaliza 1919. Alichofanya si kufuata kuta tu. Alishuka tabaka kwa tabaka. Juu palikuwa na udongo wa shamba wenye vigae vya Kirumi na vya baada yake. Chini yake, akakuta majivu: mitungi yenye mabaki ya watu waliochomwa, shanga, majambia na mashoka ya shaba. Chini ya majivu hayo kulikuwa na tope kavu lenye unene wa karibu mita 1, halina kigae, halina mfupa. Na chini ya tope hilo, sakafu ya chokaa iliyopondwa, ya wajenzi wa mahekalu, ambao hawakuwa na chuma wala shaba na hawakuchoma maiti zao.

Tope lile tupu ndilo jambo ambalo mchimbaji mwenye haraka angelirusha nje bila kuliandika. Kwa Zammit lilikuwa jibu. Waliochoma maiti hawakuwa wajenzi, wala hawakuwafukuza wajenzi kwa upanga siku moja: walikuta magofu yamekwisha kujaa mchanga wa upepo na mvua, wakazika juu yake pengine bila kujua kilicho chini. Kwa hoja hiyo akatenganisha enzi mbili ambazo wengine wangezichanganya. Wanaokuja nyuma yake wamebishana juu ya urefu wa pengo hilo, lakini wanabishana kwa kutumia michoro na maandishi yake.

Ndani ya magofu kulikuwa na mengine. Kwenye hekalu la kusini, mbele ya altare iliyochongwa michoro inayojizungusha, kuna jiwe lililochongwa kama kizibo. Walipolitoa wakakuta uvungu, na ndani yake kisu cha gumegume kilichopinda, pembe ya mbuzi na mifupa ya wanyama. Mtu alichinja, akasafisha, akakirudisha kisu mahali pake, akaziba. Hakurudi. Karibu na hapo kuna vipande vilivyochongwa safu za wanyama, mbuzi na nguruwe na kondoo dume, na mawe ya mviringo yaliyotapakaa nje ambayo huenda yalitumika kuburuzia mawe makubwa. Pia ipo nusu ya chini ya sanamu ya mtu mnene aliyevaa sketi ya mikunjo. Akiwa mzima alizidi mita 2. Nusu ya juu ilichukuliwa na wakulima waliohitaji mawe ya ujenzi, na sijui kama nina haki ya kuwakasirikia.

Suala la umri lilichukua muda mrefu zaidi. Karne ya 19 watu waliyahesabu mahekalu kuwa ya Wafinisia. Baadaye, michoro ile inayojizungusha ikafananishwa na ya Krete na Mycenae, na kwa kuwa kila kitu kizuri kilidhaniwa kutoka mashariki, Malta ikawekwa kuwa mwanafunzi wa Ugiriki wa karibu mwaka 1600 KK. Vipimo vya kaboni, viliporekebishwa kwa miviringo ya umri wa miti mwishoni mwa miaka ya 1960, viliangusha hoja yote. Michoro ya Tarxien ilikuwa ya kale zaidi, kwa miaka zaidi ya 1,000, kuliko ile iliyodaiwa kuwa mwalimu wake. Colin Renfrew alilieleza hilo katika kitabu chake cha mwaka 1973, na tangu hapo imebidi ikubaliwe kwamba watu wa visiwa hivi walibuni ufundi wao wenyewe.

Kusini, juu ya jabali linalotazama bahari, yako mahekalu ya Ħaġar Qim na Mnajdra. La chini la Mnajdra limeelekezwa mashariki kwa hesabu: siku za usiku na mchana kuwa sawa, jua likichomoza hupita mlangoni likafuata mstari wa kati hadi ndani, na siku ndefu na fupi kuliko zote za mwaka huangukia kingo za mawe ya pembeni. Ħaġar Qim lilifukuliwa mwaka 1839 na lina tatizo ambalo wajenzi wake hawakulijua. Limejengwa kwa jiwe la chokaa laini, la rangi ya asali, linalochongeka kirahisi na kumenyeka kirahisi vile vile. Maadamu lilikuwa limefukiwa, udongo ulililinda. Kulifukua ndiko kulikoanza kulila: chumvi ya bahari, jua na mvua vimelibandua tabaka kwa tabaka. Mnajdra nayo, usiku mmoja wa Aprili 2001, watu waliingia wakaangusha mawe zaidi ya 60. Mwaka 2009 mahekalu hayo mawili yalifunikwa kwa mapaa makubwa meupe ya turubai. Wengi huyachukia kwa kuharibu mandhari. Nadhani wanakosea, picha nzuri ya jiwe linaloyeyuka haina faida kubwa. Hypogeum yenyewe ilifungwa karibu miaka 10 na kufunguliwa tena mwaka 2000, wageni wakiingia 10 kwa zamu, kwa sababu pumzi za watu zilikuwa zinaiua rangi nyekundu ya darini.

Turudi Gozo, kwenye uwanda ule ule wa Ġgantija. Miaka ya 1820 ofisa mmoja, Otto Bayer, alifukua mahali pengine jirani na hekalu, palipozungukwa na duara la mawe. Ripoti hakuacha. Lakini mchoraji Charles de Brochtorff alikuwapo na rangi zake za maji, akachora shimo, wafanyakazi, mawe yaliyosimama chini na mafuvu kando yake. Kisha shimo likafukiwa, mawe ya duara yakabebwa, mashamba yakarudi, na mahali penyewe pakasahaulika. Katika miaka ya 1960 Mgozo mmoja, Joe Attard Tabone, alilinganisha picha hizo na kuta za mashamba, akapata pale duara lilipokuwa.

Kati ya 1987 na 1994 timu ya Wamalta na Waingereza ilichimba hapo, polepole mno kwa macho ya mtu asiyehusika. Ilikuwa ni Hypogeum ya pili, pango la asili lililogeuzwa makaburi na watu wa enzi ile ile ya Tarxien. Safari hii kila mfupa uliandikwa ulipotoka, vipande vipatavyo 220,000, vya watu wasiopungua 800 hivi. Waligundua kwamba maiti haikuachwa itulie: ililazwa nzima, ikaoza, kisha viungo vikahamishwa, mafuvu kuwekwa huku na mifupa mirefu kule, kwa vizazi na vizazi.

Mifupa hiyo ikatunzwa kwenye masanduku, na mwaka 2022 kutoka kwa watu wachache tu miongoni mwao ilisomwa DNA. Matokeo yalionyesha jamii ndogo iliyopungua, iliyooana ndani kwa ndani hadi mmoja wao akaonyesha undugu wa wazazi kwa kiwango cha juu kuliko karibu wote waliowahi kupimwa katika Ulaya ya enzi za mawe. Watafiti wengine waliokuwa wakisoma chavua na udongo wa mabonde walikuwa wanafika mahali pale pale kwa njia nyingine: ardhi iliyochoka, mmomonyoko, miaka ya ukame, na ujenzi wa mahekalu unaokoma kabla ya karne ya 23 KK. Xagħra imetoa hayo kwa watu 800. Ħal Saflieni ilikuwa na watu 7,000.